Orodha ya vitabu vya majira ya baridi: nipange vipi riwaya, falsafa na sayansi?

Msomaji wa Usiku ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Majira ya baridi yamekaribia, giza linaingia mapema, na kama ilivyo kila mwaka nimeketi kuandika orodha ya vitabu nitakavyosoma hadi mchana utakapoanza kurefuka tena. Safari hii ninaomba ushauri kabla ya kuanza, kwa sababu mwaka jana nilishindwa na ninadhani nimeanza kuelewa sababu yake. Orodha ya mwaka jana ilikuwa na vitabu 21: saba vya riwaya, saba vya falsafa na saba vya sayansi, katika mafungu matatu yasiyogusana. Nilimaliza riwaya sita, nikaacha vitabu vinne vya falsafa katikati, na katika fungu la sayansi nilifungua viwili tu. Muda nilikuwa nao. Kilichonishinda ni kwamba kila nilipotoka fungu moja kwenda jingine nilihisi ninaanza upya, kana kwamba aliyesoma riwaya jana na anayesoma sayansi leo ni watu wawili wasiojuana. Na mtu aliyechoka jioni, akiambiwa achague kati ya mhusika aliyemwacha njia panda na ukurasa wa kwanza wa kitabu asichokijua, atamfuata mhusika.

Kwa hiyo mwaka huu nimepunguza. Nina wiki 12 na nimechagua vitabu saba. Katika riwaya nimeweka Mlima wa Uchawi ya Thomas Mann, iliyotoka mwaka 1924. Frankenstein ya Mary Shelley, ya mwaka 1818. Na Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1974, ambayo niliisoma nikiwa kijana na ninaamini sikuielewa. Katika falsafa nina Tafakuri za René Descartes, zilizochapishwa mwaka 1641, pamoja na yale maandishi ambayo Kaisari Marcus Aurelius alijiandikia mwenyewe. Katika sayansi nina Asili ya Spishi ya Charles Darwin, ya mwaka 1859, na mihadhara ya Michael Faraday kuhusu mshumaa.

Sitafuti orodha ya vitabu bora kuliko vyote ulimwenguni, wala sitaki kuwa mtaalamu wa fani yoyote kati ya hizi tatu. Ninachotaka ni kutoka katika majira haya nikiwa na swali moja lililokomaa, badala ya mambo ishirini niliyoyagusa na kuyasahau. Nina maswali matatu. Je, nisome kitabu kimoja hadi mwisho kabla ya kufungua kingine, au nisome viwili vitatu kwa zamu? Je, mpangilio wake uweje? Na je, kuna kitabu ambacho ni kizito mno kwa mtu anayesoma saa moja na nusu kila jioni baada ya kazi? Ninaowahofia zaidi ni Mann na Darwin.

Mwandani wa Vitabu amejibu:

Ndugu Msomaji wa Usiku, ugonjwa wenyewe umekwisha kuutambua, na dawa yake ninaiona ndani ya orodha yako. Una Descartes na una Faraday. Waweke pamoja.

Katika tafakuri ya pili, Descartes anachukua kipande cha nta kilichotolewa mzingani hivi karibuni. Bado kina ladha ya asali na harufu ya maua. Ni kigumu, ni baridi, na ukikigonga kinatoa mlio. Anakisogeza karibu na moto. Ladha inatoweka, harufu inapotea, rangi inabadilika, umbo linavunjika, na kile kilichokuwa kigumu kinakuwa majimaji ya moto yasiyotoa mlio wowote. Anauliza kama hiyo ni nta ile ile. Kila mtu atajibu kwamba ndiyo, ilhali hakuna hata jambo moja kati ya yale yaliyoletwa na milango ya fahamu lililobaki kama lilivyokuwa. Kutokana na hapo anahitimisha kwamba nta haijulikani kwa macho wala kwa vidole, bali kwa akili.

Zaidi ya miaka 200 baadaye, katika msimu wa Krismasi ya mwaka 1860, Faraday anasimama mbele ya vijana katika ukumbi wa Royal Institution, taasisi ya sayansi jijini London, akiwa ameshika mshumaa, naye anakwenda upande mwingine kabisa. Haiachi milango ya fahamu, anaitafutia msaada. Anaonyesha jinsi mafuta yaliyoyeyuka yanavyoupanda utambi yenyewe, kama maji yanavyopanda katika kitambaa kilichochovywa ncha. Anazima mshumaa, kisha anauwasha tena kwa kupeleka moto kwenye ule moshi unaopaa, bila kuugusa utambi, ili wasikilizaji waone kwamba kinachowaka ni mvuke. Anakusanya maji yanayotokana na mwali wa moto, jambo ambalo mtu asingeliwazia kwa kuutazama tu. Anaeleza kwamba mwangaza hutoka kwa chembe ndogo za kaboni zinazopata joto hadi zikang'aa. Katika mhadhara wa mwisho anaulinganisha mshumaa na pumzi yetu, kwa kuwa sisi pia tunatumia oksijeni na kutoa kaboni dioksidi, na joto la miili yetu linatokana na mwako usio na mwali.

Ukisoma mmoja peke yake, utakubaliana naye. Ukiwasoma wote wawili, utalazimika kufikiri, kwa sababu kila mmoja ana kitu kilekile mkononi, kinachoyeyuka mbele ya moto, na kila mmoja anasema kwa uhakika mkubwa kwamba amekijua. Tafakuri ni sita na mihadhara ni sita. Soma moja ya huku na mmoja wa huko kila wiki, na usiharakishe. Descartes mwenyewe, akiwajibu waliompinga, alieleza kwamba angependa msomaji atumie miezi, au angalau wiki kadhaa, kuyazingatia yaliyomo katika tafakuri ya kwanza peke yake. Tena utakapoifungua utamkuta ameketi karibu na moto, amevaa joho la majira ya baridi, ameshika karatasi, akijiuliza kama kweli yuko pale au anaota. Sijui kitabu kingine cha falsafa kinachoanza mahali ambapo msomaji wake mwenyewe ameketi.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni kwamba usome kwa zamu, lakini zamu zenyewe ziwe na sababu. Vitabu viwili visivyokuwa na jambo la kuambiana vitakuchosha kuliko kimoja kirefu.

Bahari Tulivu amejibu:

Ninakubaliana na Mwandani wa Vitabu kuhusu nta na mshumaa. Mimi nitasema kuhusu Mann, kwa sababu ninaogopa usije ukashawishika kumwondoa.

Hans Castorp, mhusika mkuu, anapanda mlimani Davos, Uswisi, kumtembelea binamu yake anayetibiwa kifua kikuu, naye anakusudia kukaa wiki tatu. Anakaa miaka saba. Muda ndio kiini cha riwaya hii, na Mann ameuweka katika umbo la kitabu chenyewe: wiki tatu za mwanzo zinasimuliwa kwa utulivu na kwa kurasa nyingi sana, ilhali miaka ya baadaye inapita upesi, kama ambavyo siku za mgeni huwa ndefu na miaka ya mwenyeji huwa mifupi. Msomaji anayeikimbiza riwaya hii kwa wiki mbili anajinyima jambo ambalo haliwezi kuelezwa kwa maneno, kwa maana ni lazima naye aanze kuzoea, apoteze hesabu ya siku, kisha ashtuke. Matoleo mengi yana zaidi ya kurasa 700. Ukisoma kurasa tisa kila usiku utaimaliza katika wiki zako 12, nawe utakuwa umekaa nayo majira yote.

Kuna sababu nyingine ya kuiweka katikati ya orodha. Castorp naye ni msomaji wa majira ya baridi. Katika sehemu inayoitwa Utafiti, anajilaza kwenye roshani usiku, amejifunga mablanketi, baridi ni kali na nyota zimejaa, na juu ya tumbo lake kuna vitabu vya anatomia, fiziolojia na biolojia. Anasoma na kuuliza uhai ni nini, na kila anapodhani ameufikia mwanzo wake, mwanzo huo unarudi nyuma tena, kutoka kiungo hadi seli, kutoka seli hadi molekuli. Mann amechukua sayansi ya wakati wake akaigeuza kuwa shauku ya kijana mmoja mgonjwa. Ukifika hapo, weka alama ukurasani, kisha usome kitabu kidogo cha mwanafizikia Erwin Schrödinger kilichotoka mwaka 1944, ambacho jina lake ni swali hilo hilo la Castorp: Uhai ni Nini? Kilitokana na mihadhara aliyoitoa Dublin mwaka 1943. Humo anapendekeza kwamba urithi wa viumbe lazima uwe umehifadhiwa katika kitu mfano wa fuwele ambayo mpangilio wake haujirudii, naye aliyaandika hayo kabla umbo la DNA, molekuli inayobeba urithi huo, halijajulikana. James Watson na Francis Crick, waliolieleza umbo hilo mwaka 1953, wote wawili walikiri kwamba kitabu hicho kiliwasukuma.

Baadaye kidogo utafika kwenye sehemu ya theluji, ambapo Castorp anapotea milimani katika tufani. Usiisome ukiwa na usingizi. Iwekee jioni nzima.

Msomaji wa Usiku ameandika:

Ninawashukuru sana nyote wawili. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba mwongozo wa kusoma unaweza kuwa ndani ya riwaya yenyewe. Mann amebaki. Ila sasa Darwin ananitia wasiwasi zaidi, kwa sababu nikiongeza Schrödinger sayansi itakuwa imechukua nafasi kubwa. Na kuhusu Marcus Aurelius, nilijaribu kumsoma mfululizo mwaka juzi, nikaona anarudia mambo yale yale, nikamweka kando. Je, kosa lilikuwa langu?

Mwalimu wa Fizikia amejibu:

Kosa halikuwa lako wala lake. Marcus Aurelius hakuandika kitabu cha kusomwa mfululizo. Alitawala Roma tangu mwaka 161 hadi 180, na maandishi haya, ambayo yako kwa Kigiriki na yamegawanywa katika vitabu 12, alijiandikia mwenyewe, baadhi yake akiwa vitani karibu na mto Danube. Anarudia kwa sababu mtu anayejionya hujionya juu ya kosa lile lile kila siku. Msome asubuhi, ukurasa mmoja au miwili, kisha ufunge. Anza na kitabu cha tano. Kinafunguliwa na mtu anayeona uzito wa kuamka alfajiri, anayejiuliza kama aliumbwa ili alale akijipasha joto chini ya mablanketi, kisha anajikumbusha kwamba hata ndege na nyuki wana kazi zao. Asubuhi yenye baridi utaelewa kwamba Kaisari anazungumza juu ya jambo halisi. Kwa mpango huo hatakunyang'anya hata dakika moja ya jioni zako.

Darwin usimwondoe, mpunguze. Tafuta toleo la kwanza, ambalo hoja yake inakwenda moja kwa moja, kwa kuwa katika matoleo yaliyofuata aliongeza majibu mengi kwa wapinzani wake. Soma sura nne za mwanzo, sura ya sita na ya mwisho. Wasomaji wengi hushangaa kukuta sura ya kwanza inahusu wanyama wa kufugwa, hasa njiwa, na huiruka ili wafike upesi kwenye jambo kubwa. Hilo ndilo jambo kubwa. Darwin alifuga njiwa yeye mwenyewe, na anataka kwanza ukubali kitu ambacho kila mfugaji anakijua, kwamba kwa kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi unaweza kupata ndege wanaotofautiana kiasi cha kuonekana kama spishi mbalimbali. Ukishakubali hivyo, anakuuliza ni nani anayechagua mahali ambapo mfugaji hayupo. Sura ya sita inaorodhesha matatizo ya nadharia yake mwenyewe, na uaminifu wake humo ni somo la falsafa linalojitosheleza.

Niruhusu niongeze vitabu viwili vidogo, kwa sababu vyote viwili vilizaliwa katika majira ya baridi. Cha kwanza ni kile cha Johannes Kepler cha mwaka 1611 kuhusu theluji yenye pembe sita. Alikuwa Prague, hana zawadi ya mwaka mpya ya kumpa rafiki yake, na alipokuwa akivuka daraja theluji ikaangukia kwenye koti lake. Aliona kwamba kila chembe ina pembe sita, akajiuliza kwa nini zisiwe tano au saba. Humo anachunguza sega la nyuki, mbegu za komamanga na namna ya kupanga tufe ili zisiache nafasi nyingi, kisha mwishoni anakiri kwamba hajapata jibu na kuwaachia wanakemia. Alikuwa sahihi kuwaachia. Leo tunajua kwamba pembe hizo zinatokana na jinsi molekuli za maji zinavyoshikana katika barafu, kwenye mpangilio wa pande sita. Dai lake kwamba hakuna namna ya kupanga tufe inayobana zaidi ya ile aliyoieleza nalo lilisubiri hadi mwaka 1998, Thomas Hales alipotangaza uthibitisho wake. Ninawapa wanafunzi wangu kitabu hiki kila ninapoweza, kwa sababu kinaonyesha akili kubwa ikicheza kwa bidii, na kinawaruhusu kuuliza swali ambalo hawana uwezo wa kulijibu.

Cha pili ni Mjumbe wa Nyota cha Galileo Galilei. Usiku wa tarehe 7 Januari 1610 aliielekeza darubini yake kwenye sayari ya Mshtarii akaona nyota tatu ndogo kandoni mwake, ambazo leo tunajua kuwa ni miezi yake. Usiku uliofuata zilikuwa zimehama. Kufikia tarehe 13 aliona ya nne, na mwezi Machi kitabu kilikuwa kimekwisha kuchapwa. Aliandika aliyoyaona usiku kwa usiku hadi tarehe 2 Machi, pamoja na vielelezo vinavyoonyesha nafasi za nyota hizo. Nakushauri usome kurasa hizo kwa tarehe zake: usiku wa tarehe 7 Januari soma aliyoyaona tarehe 7, kesho yake ya tarehe 8, hivyo hivyo hadi mwisho. Ni mistari michache tu kwa kila usiku, nawe utajua maana ya kungoja mawingu yaondoke.

Kalamu Tulivu amejibu:

Ndugu zangu, nimesoma majibu yote kwa furaha, na ninaomba kutofautiana nanyi katika jambo moja ambalo kwangu ni zito. Ninaona riwaya zimeanza kugeuzwa kuwa mifano ya kuthibitisha mambo ya vitabu vingine. Ninahofia hasa Kichwamaji. Ni rahisi kusema kwamba hii ni riwaya ya udhanaishi, ile falsafa inayomwachia mtu ajitafutie mwenyewe maana ya maisha, kuiweka karibu na mwandishi Mfaransa Albert Camus, kisha kumsoma Kazimoto, mhusika wake mkuu, kama mtu aliyetumwa na mwanafalsafa kuja kutoa hoja. Wahakiki wamelisema jambo hilo, na halina uongo ndani yake. Kezilahabi alikuwa msomi aliyeijua falsafa hiyo vizuri. Lakini Kazimoto anasimulia mwenyewe, kwa sauti yake, kama msomi aliyerudi kwa watu wake akakuta hawezi tena kukaa nao wala kuwaacha, na uchungu wa riwaya uko katika maneno madogo anayoshindwa kuwaambia wazazi na rafiki zake. Ukiingia ukitafuta udhanaishi utaupata, nawe utatoka bila Kazimoto. Kwa hiyo, Msomaji wa Usiku, riwaya hii isome peke yake, katika wiki ambayo hakuna kitabu kingine mezani. Iwe ya mwisho. Maswali yaje yenyewe, kama yatakuja.

Kama unatafuta riwaya inayokutana na falsafa uso kwa uso bila kujipunguza, ongeza Kifo cha Ivan Ilyich ya Leo Tolstoy, ya mwaka 1886. Haizidi sana kurasa mia moja. Ivan Ilyich ni mtu wa mahakamani, mgonjwa, ambaye katika sura ya sita anakumbuka mfano aliojifunza zamani katika kitabu cha mantiki: Caius ni mtu, watu hufa, kwa hiyo Caius atakufa. Maisha yake yote mfano huo aliuona kuwa sahihi, ila sahihi kwa Caius. Caius ni mtu wa jumla. Yeye ni Vanya, kama alivyoitwa utotoni, aliyekuwa mtoto mwenye mama na baba, aliyependa harufu ya mpira wa ngozi wenye mistari. Tolstoy hapingi mantiki hata kidogo. Anaonyesha umbali uliopo kati ya kujua kwamba hoja ni ya kweli na kujua kwamba hoja hiyo inakuhusu. Nimesoma vitabu kadhaa vya falsafa vinavyozungumzia kifo, na hakuna kilichonifikisha mahali ambapo ukurasa ule mmoja ulinifikisha.

Mwandani wa Vitabu amejibu:

Kalamu Tulivu, nimekuelewa, na kwa Kichwamaji ninakubali kwamba ushauri wangu wa kusoma kwa zamu haufai. Nitatetea jambo moja tu: ziko hadithi ambazo zenyewe ziliandikwa zikiwa zimesimama kwenye mpaka wa fani hizi, nazo haziumii zikilinganishwa. Ninafikiria Frankenstein, na ninafikiria kitabu ambacho hakuna aliyekitaja hapa, Hayy ibn Yaqzan.

Kiliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 12 na Ibn Tufayl wa Andalusia, yaani Hispania ya enzi ya Waislamu, aliyekuwa tabibu na mwanafalsafa na aliyefariki mwaka 1185. Mtoto anakua peke yake kisiwani, akinyonyeshwa na paa. Paa yule anapokufa, mtoto anashindwa kuelewa ni nini kilichoondoka, kwa kuwa viungo vyote vinaonekana kuwa vizima. Basi anampasua kifua akitafuta mahali palipoharibika, hadi anafika kwenye moyo na kukuta chumba kimoja cha ndani kitupu. Kutoka hapo anaendelea kuchunguza wanyama, moto na nyota, umri wake ukihesabiwa kwa miaka saba saba, mpaka anafikia kumjua Muumba bila mwalimu na bila lugha. Ukikiita hadithi hujakosea, ukikiita falsafa hujakosea, na kile kitendo cha kumpasua paa kwa huzuni na kwa makini ni sayansi kamili. Mwaka 1671 kilitafsiriwa kwa Kilatini, na wasomi wa Ulaya wakakipokea kwa hamu.

Sasa mweke Hayy karibu na kiumbe wa Mary Shelley. Naye hana mzazi, kwa kuwa aliyemuumba amemkimbia. Naye anajifunza peke yake, kwanza joto la moto, kisha lugha, akiisikiliza familia moja kwa siri kupitia ufa wa ukuta. Tofauti ni kwamba yeye ana watu karibu, na kila anayemwona anamfukuza. Halafu anaokota vitabu vitatu msituni: shairi kuu la John Milton kuhusu kupotea kwa Paradiso, maisha ya watu mashuhuri yaliyoandikwa na Plutarch, na riwaya ya Goethe kuhusu mateso ya kijana Werther. Hiyo ndiyo orodha yake ya kusoma, na kila kitabu kinamfundisha jambo moja kuhusu binadamu, kisha kinamwonyesha kwamba yeye hayumo. Hayy aliufikia ukweli kwa sababu hakuwa na mtu, na kiumbe yule anaangamia kwa sababu hiyo hiyo. Hapo ndipo ninapodhani swali lako lililokomaa linaweza kupatikana.

Frankenstein ni kitabu cha baridi pia. Mlima Tambora, volkano ya Indonesia, ulilipuka mwezi Aprili 1815, vumbi na gesi zake zikapunguza joto la dunia, na mwaka 1816 ukakosa kiangazi katika sehemu nyingi za Ulaya. Mvua na baridi ziliwafungia Shelley na wenzake ndani, karibu na ziwa la Geneva, wakaanza kushindana kutunga hadithi. Riwaya inaanzia na kuishia katika barafu ya kaskazini, na yale mandhari hayakuwekwa kwa mapambo.

Msomaji wa Usiku ameandika:

Nimekaa na majibu yenu kwa siku mbili, na nimeiandika orodha upya.

Mann atakuwa wa kila usiku, kurasa tisa, mwanzo hadi mwisho. Marcus Aurelius ni wa asubuhi, nami nimekwisha kuweka alama kwenye kitabu cha tano. Wiki sita za mwanzo ni za Descartes na Faraday, na wiki hizo zitakapokuwa zikiendelea tarehe 7 Januari itafika, nami nitaanza zile kurasa za Galileo kwa tarehe zake. Wiki ya saba ni ya Darwin, kwa sura alizozitaja Mwalimu wa Fizikia, na ya nane ni ya Schrödinger, ambaye nimempangia wiki yake ingawa nitakuwa nimekwisha kuipita sehemu ya Utafiti. Wiki ya tisa na ya kumi ni za Hayy ibn Yaqzan na Frankenstein. Tolstoy amepewa wiki ya 11, na ya 12 ni ya Kichwamaji, naye Mann itabidi anisubiri siku saba, kwa sababu nimekubaliana na Kalamu Tulivu kwamba pasiwe na kitabu kingine mezani. Kurasa zitakazobaki za Mann nitazimalizia baada ya hapo, hata kama barafu itakuwa imeanza kuyeyuka. Kepler nimemwacha bila tarehe. Atasomwa siku theluji ya kwanza itakapoanguka.

Nimegundua jambo moja nilipokuwa ninaandika haya. Mwaka jana, nilipoitazama orodha, nilikuwa ninaona idadi. Mwaka huu ninaona swali la namna mtu anavyojua kitu, kuanzia nta iliyo mbele ya moto hadi kifo chake mwenyewe, na ninaona kwamba Ivan Ilyich amewekwa mahali panapostahili, baada ya wote waliodhani wamelijibu. Mwandani wa Vitabu, bado nina ombi kwako. Nina tafsiri mbili za Tafakuri, moja imetafsiriwa kutoka Kilatini na nyingine kutoka Kifaransa, nazo zinatofautiana katika aya ile ya nta. Nianze na ipi?

Mwandani wa Vitabu amejibu:

Anza na ile ya Kilatini, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo Descartes aliiandikia mwaka 1641. Ile ya Kifaransa ilitoka mwaka 1647. Mtafsiri alikuwa mwingine, ila Descartes aliipitia, kwa hiyo usiitupe. Ukifika kwenye nta, zifungue zote mbili mezani na uzisome aya kwa aya.